Uzi: Nimeandikiwa na mawakili wa alama ya biashara kuhusu tovuti yangu ya cherehani, na hivi ndivyo nilivyojibu

#1 FundiBobini

Habari za jioni, wakuu. Uzi huu ni mrefu, kwa hiyo mwenye chai na aisogeze karibu.

Kwa miaka tisa nimekuwa na tovuti yangu binafsi ambamo naandika namna ya kutengeneza cherehani: cherehani inayoruka mshono, uzi wa chini unaojikusanya kama kiota cha ndege, sindano inayokatika kila ikifika kwenye pindo la jinzi. Sikuianzisha kwa ajili ya fedha. Vijana niliowafundisha kazi hapa Tanga walikuwa wakinipigia simu usiku wakiuliza maswali yale yale, nikaona heri niandike mara moja, kila mmoja asome kwa wakati wake. Kwa kuwa cherehani nyingi zilizoko mitaani ni za kampuni moja kongwe, ambayo sitaitaja hapa kwa sababu mazungumzo yetu hayajafungwa, jina lake limo katika kurasa zangu zaidi ya arobaini. Limo pia katika jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti. Na nembo yake nilikuwa nimeiweka juu kabisa ya ukurasa wa mwanzo, upande wa kushoto, pale ambapo mwenye duka huweka nembo yake mwenyewe.

Jumatatu moja zikaingia barua pepe mbili. Ya kwanza ilitoka kwa kampuni ya Marekani inayohifadhi tovuti yangu, ikinijulisha kwamba imepokea malalamiko ya alama ya biashara na kwamba nina saa 72 za kujieleza kabla kurasa hazijafungwa. Ya pili ilitoka kwa mawakili wa kampuni ya cherehani, walioko Ulaya: kurasa nne, picha kumi na moja za tovuti yangu, na madai manne. Nifunge tovuti yote ndani ya siku saba, niwakabidhi kikoa, nitie saini hati ya ahadi waliyokwisha kuiandika, na nilipe gharama zao.

Usiku ule ule niliandika jibu la hasira. Niliwaambia kwamba nimewatengenezea mashine zao miaka thelathini bila kupokea hata senti moja kutoka kwao, na mengine ambayo sitayarudia. Luku ikaisha kabla sijabonyeza kitufe cha kutuma. Asubuhi nilipolisoma tena nilimshukuru Mungu kwa umeme wa kulipia kabla.

Kazi ya asubuhi hiyo ilikuwa ya uchunguzi, na haikuwa na maandishi mengi. Kwanza nilihakikisha kwamba barua ni ya kweli, kwa sababu wako matapeli wanaotuma notisi bandia za alama ya biashara ili ufungue kiambatisho chenye virusi au ulipie huduma isiyokuwepo. Niliitafuta ofisi ya mawakili kwa njia yangu mwenyewe, bila kubonyeza kiungo chochote kilichokuwa ndani ya barua, nikapata namba ya simu ya mapokezi yao, nikapiga, nikathibitishiwa kwamba jalada lipo. Pili, nilipakua nakala nzima ya tovuti, maandishi na picha, nikaiweka kwenye diski mbili. Tatu, niliandika kwa kampuni inayohifadhi tovuti mistari mitatu tu: nimepokea malalamiko, nayashughulikia, na nitaleta jibu la maandishi kabla ya muda kwisha. Nawasihi msiidharau mistari hiyo mitatu. Mwenye seva, yaani kampuni inayohifadhi tovuti, hana ugomvi na wewe wala hana mapenzi na wewe. Anachotazama ni kama mteja wake ameitika alipoitwa, kwani asiyeitika humrahisishia uamuzi.

Kisha nikachukua penseli na kuisoma barua neno kwa neno. Hapo ndipo nilipogundua kwamba yalikuwa malalamiko manne yaliyofungwa kama mzigo mmoja wa kuni: nembo, kikoa, kutajwa kwa jina ndani ya makala, na ukurasa wangu unaoeleza namna ya kuitambua bandia ya bobini, kile kigurudumu kinachobeba uzi wa chini. Kila moja lina jibu lake kisheria, lakini barua ilikuwa imeandikwa hivi kwamba ukikubali kosa katika moja unajikuta umeyakubali yote.

Namba za usajili walizozitaja nilizitafuta katika hifadhidata ya alama za biashara ya WIPO, shirika la kimataifa la miliki ubunifu, ambayo ni ya bure. Zilikuwa hai. Zilikuwa za Ulaya na Marekani, daraja (yaani kundi la bidhaa) la 7 ambamo ndimo zimo mashine za kushonea, na daraja la 26 lenye sindano na pini. Mtu anaweza kusema: basi mimi niko Tanga, usajili wao haunihusu, kwa sababu alama ya biashara hulindwa nchi kwa nchi, na hata kwetu usajili wa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986 unahusu Tanzania Bara, huku Zanzibar ikiwa na sheria yake na ofisi yake. Hoja hiyo ni ya kweli na ni nzuri. Ila seva yangu iko Marekani, kikoa changu kinaishia na .com, na kampuni inayohifadhi tovuti inafuata masharti yake na sheria za kwao. Ningeweza kushinda hoja na bado nikaamka tovuti haipo.

Sasa kiini chenyewe. Katika kusoma kwangu siku zile nilifikia mahali ambapo mambo yote yalinyooka: kulitaja jina si kulivaa. Mwenye alama anaweza kukuzuia usilivae jina lake, yaani usijionyeshe kama wewe ni yeye, au tawi lake, au mtu aliyeidhinishwa naye. Hawezi kukuzuia usilitaje unapozungumzia kitu chake chenyewe, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kukizungumzia. Fundi ataelezaje kwamba anatengeneza mashine fulani bila kutamka ni mashine gani?

Swali hilo hilo liliwahi kufika Mahakama ya Haki ya Ulaya. Ronald Deenik alikuwa na gereji Uholanzi, akitangaza kwamba anauza BMW zilizotumika na kuzitengeneza, ilhali hakuwa wakala wa kampuni hiyo. Mwaka 1999 mahakama ilisema kwamba mwenye alama hawezi kumkataza mtu kuwaarifu wateja kwamba ana ujuzi wa kutengeneza magari hayo, mradi tangazo lisitoe picha kwamba biashara yake ina uhusiano maalumu na kampuni. Nilipoisoma hiyo nilihisi kama iliandikwa kwa ajili ya sisi mafundi.

Ya pili inahusu tovuti binafsi hasa. Mwanamitindo Terri Welles aliwahi kutunukiwa taji la mwaka 1981 na jarida la Playboy, naye katika tovuti yake alijieleza kwa taji hilo. Jarida likamshtaki. Mwaka 2002 mahakama ya rufani ya shirikisho yenye makao San Francisco ilimruhusu aendelee kulitaja taji lake katika vichwa vya habari na hata katika maneno yaliyofichwa kwa ajili ya mitambo ya kutafutia, kwa kuwa hakuna namna nyingine ya kujieleza yeye ni nani. Lakini kifupisho cha taji hilo alichokitandaza nyuma ya kurasa zake, kikijirudia kama ua la kitenge, hakikupata kinga hiyo, kwa sababu hakikuwa cha lazima katika kumweleza. Tovuti moja, mtu mmoja, lakini huku alikuwa ametaja na kule alikuwa amevaa.

Nikajipima kwa kipimo hicho. Nembo: nilikuwa nimeivaa, tena kifuani. Niliiondoa saa ile ile, bila kungoja mtu, na mahali pake nikaweka picha ya cherehani yangu ya zamani yenye meza ya mbao. Makala zinazotaja jina: zitabaki. Ukurasa wa bobini: utabaki, na hilo sikuwa tayari kujadiliana. Ukurasa huo una picha mbili zilizopigwa kwa karibu. Bobini halisi ina ukingo laini, ukipitisha ukucha unateleza. Ile bandia ina kijimkwaruzo pale chuma kilipokatiwa, na kijimkwaruzo hicho ndicho kinachokata uzi wa chini huku fundi akihangaika kulegeza na kukaza skrubu mchana kutwa. Nembo inaonekana katika picha kwa kuwa imegongwa juu ya bobini yenyewe. Kuifuta ingekuwa kuharibu somo.

Kikoa kilinikosesha usingizi, nitakieleza chini kwa sababu najua kitaleta ubishi. Barua yenyewe niliyojibu nitaiweka pia.

#2 MkiaWaPweza

Shikamoo fundi. Nimesoma yote, na kwa heshima naona umewaachia mengi mno. Hawa wanatisha watu kwa karatasi zenye vichwa vya dhahabu. Kikoa ulikilipia mwenyewe miaka tisa. Kama wanakitaka kiasi hicho, wambie bei. Mimi ningeanza na dola elfu kumi.

#3 WakiliMkoani

Ndugu MkiaWaPweza, kiasi ulichokitaja kina historia, nami nitaieleza kwa sababu inaweza kumwokoa mtu.

Mwaka 2003 kijana wa miaka 17 huko Victoria, Kanada, aitwaye Mike Rowe, alisajili kikoa kwa ajili ya kazi yake ya kutengeneza tovuti, akaunganisha jina lake na neno la programu hata likasikika kama Microsoft. Mawakili wa Microsoft walimwandikia wakimtaka akikabidhi, wakamwahidi dola 10, yaani gharama ya usajili. Kijana akaudhika, akajibu kwamba anataka 10,000. Barua iliyofuata ilikuwa nene, na ndani yake jibu lake lile lile limegeuzwa ushahidi kwamba tangu mwanzo alikuwa na nia ya kuwauzia kikoa kwa faida. Umma ulimhurumia, kampuni ikalegeza msimamo, na Januari 2004 wakapatana. Akakikabidhi kikoa, akapewa zawadi kadhaa. Kilichomwokoa ni magazeti. Wengi wetu hatuna magazeti.

Sababu yake ni hii. Ugomvi wa vikoa kama .com hupelekwa katika utaratibu wa usuluhishi wa ICANN, shirika linalosimamia majina ya vikoa, uliowekwa mwaka 1999, na mlalamikaji anatakiwa athibitishe mambo matatu kwa pamoja: kwamba kikoa kinafanana na alama yake kiasi cha kuchanganya watu, kwamba wewe huna haki wala maslahi halali katika jina hilo, na kwamba ulikisajili na unakitumia kwa nia ovu. La tatu ndilo gumu kwake. Unapotaja bei unakuwa umemsaidia kulithibitisha. Akikuandikia kuuliza ungekubali shilingi ngapi, jua kwamba swali hilo lina mtego, hata likiwa limeandikwa kwa upole wa kualika harusi.

Utaratibu wenyewe hauna fidia. Ukishindwa, kikoa kinahamishwa au kinafutwa, basi. Mlalamikaji ndiye anayelipa, dola 1,500 pale WIPO kwa kesi ya msuluhishi mmoja isiyozidi vikoa vitano, na mlalamikiwa ana siku 20 za kujibu. Wengi hushindwa kwa kutojibu kabisa, kwa sababu barua iliingia kwenye kasha la takataka au kwa sababu walidhani kunyamaza ni ujanja.

Nataka pia kuwatahadharisha juu ya kosa ninaloliona kila mara: mtu anapata malalamiko ya alama ya biashara, naye anajibu kwa fomu ya hakimiliki. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998, ile ambayo watu huitaja kwa herufi zake DMCA, inampa mtu nafasi ya kupeleka notisi ya kupinga, na maudhui yake yanaweza kurudishwa baada ya siku kumi hadi kumi na nne za kazi iwapo mlalamikaji hakufungua kesi. Lakini inahusu hakimiliki tu. Alama ya biashara haina mlango huo. Ukiandikiwa kuhusu nembo na jina, hakuna fomu ya kukuokoa. Uamuzi unabaki kwa kampuni inayohifadhi tovuti na masharti uliyoyakubali bila kuyasoma. Ndiyo maana ile mistari mitatu ya Fundi ilikuwa na thamani.

#4 FundiBobini

Ahsante sana, Wakili. Sasa kuhusu kikoa.

Kuna shauri la WIPO la mwaka 2001 ambalo wasuluhishi hulirejea mno katika ugomvi wa wauzaji na mafundi, la kampuni ya printa ya Oki Data. Lilitoa kipimo cha namna hii: mtu anayeuza au kutengeneza bidhaa za kampuni anaweza kuwa na maslahi halali katika kikoa chenye jina la bidhaa hizo, mradi kweli anatoa huduma hiyo, tovuti yake inauza bidhaa za alama hiyo pekee, anaeleza waziwazi uhusiano wake na kampuni, na hajajikusanyia vikoa vyote vya jina hilo hata mwenyewe akakosa.

Nilijihoji kwa uaminifu. Huduma natoa. Kikoa nilikuwa na kimoja tu. Lakini tovuti yangu inaeleza pia cherehani za kampuni nyingine mbili, na kwa miaka miwili nimekuwa na tangazo la duka la rafiki yangu linalouza sindano za aina zote. Na uhusiano wangu na kampuni sikuwahi kuueleza popote. Tena kwa nembo ile kifuani nilikuwa nimeueleza kinyume. Katika masharti manne, mawili yalikuwa yamenianguka. Mtu aliyesoma jina la kikoa changu angedhani ni karakana yao rasmi, na kusema kweli mara mbili niliwahi kupokea barua za wateja wakidai dhamana ya mashine mpya. Nilizijibu kwa kicheko wakati ule. Sasa nafahamu kwamba ule ndio mkanganyiko unaosemwa katika sheria, na ulikuwa umelala kwenye kasha langu la barua.

Kwa hiyo sikukiachia kikoa kwa kuwaogopa. Nilikiachia kwa sababu katika hilo walikuwa na haki. Ila sikukiachia kwa siku saba wala bila masharti.

Hii hapa tafsiri ya barua niliyoituma. Ya asili iliandikwa kwa Kiingereza, na mpwa wangu aliye chuoni aliipitia.

*"Nimepokea barua yenu kuhusu tovuti yangu binafsi. Naijibu kwa nia ya kumaliza jambo hili, bila kukubali kwamba nimevunja haki yoyote na bila kuathiri haki zangu.*

*Nembo ya mteja wenu imeondolewa katika ukurasa wa mwanzo tangu siku niliyopokea barua. Juu ya kila ukurasa sasa pana maelezo kwamba tovuti hii ni ya fundi binafsi, haina uhusiano na mteja wenu wala haijaidhinishwa naye, pamoja na kiungo cha tovuti yake rasmi.*

*Niko tayari kuhamia kikoa kingine kisicho na jina la mteja wenu, na kumkabidhi kikoa cha sasa bila malipo, baada ya siku 60 ambazo katika muda wake wasomaji wataelekezwa katika anwani mpya.*

*Makala zinazotaja mashine za mteja wenu kwa jina zitabaki, kwa kuwa zinalitaja jina kwa kiasi kinachohitajika kumwambia msomaji ni mashine ipi inayoelezwa. Ukurasa unaowasaidia wanunuzi kutofautisha bobini halisi na bandia utabaki pia. Naamini unamlinda mteja wenu pamoja na wateja wake. Iwapo kuna sentensi ndani yake isiyo ya kweli, tafadhali inukuuni nami nitaisahihisha.*

*Hati ya ahadi mliyoniletea sitaisaini kama ilivyo, wala sioni msingi wa kudaiwa gharama. Naomba mthibitishe kwamba baada ya hatua hizi malalamiko mliyoyapeleka kwa kampuni inayohifadhi tovuti yangu yataondolewa."*

Nakala niliipeleka kwa kampuni inayohifadhi tovuti, saa ya hamsini na nane kati ya 72.

Mtaona hati ya ahadi nimeikataa kwa sentensi moja, lakini ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko vyote. Ilisema kwamba sitalitumia jina la kampuni "kwa namna yoyote ile, katika chombo chochote, milele". Sheria yenyewe hainidai hivyo. Lakini ukitia saini, hudaiwi tena kwa sheria ya alama za biashara. Unadaiwa kwa mkataba, na katika mkataba hakuna mtu atakayeuliza kama ulitaja au ulivaa. Ningeandika barua kwa mjomba wangu kuhusu cherehani yake ningekuwa nimevunja ahadi.

#5 ShangaziWaKongowea

Fundi, pole na hongera. Mimi niko Mombasa na nina swali la jirani. Tovuti yangu haisifu wala haitengenezi, inalalamika. Kuna kampuni ya vyombo vya nyumbani iliyoniuzia jiko, likaniharibikia mara tatu, nami nikaandika kila kitu pamoja na picha na risiti. Je, mwenye kukosoa naye anahesabiwa kuwa amevaa jina?

#6 WakiliMkoani

Shangazi, ukosoaji ndiyo kutaja kulikokomaa. Hakuna mteja atakayesoma malalamiko yako akadhani yameandikwa na kampuni yenyewe.

Henry Mishkoff, mtengeneza tovuti wa Texas, alifungua tovuti ya kusifia jengo la maduka lililokuwa likijengwa Plano karibu na kwake. Kampuni ya Taubman, mwenye jengo, ilimshtaki. Kwa hasira akafungua nyingine za kuikashifu kampuni na kueleza kesi yenyewe hatua kwa hatua. Mahakama ya chini ikamzuia zote, lakini Februari 2003 mahakama ya rufani ya Cincinnati ikaliondoa zuio. Kuhusu ile ya sifa, ilitazama kwamba alikuwa ameweka kanusho, yaani maelezo kwamba tovuti si ya kampuni, na kiungo cha tovuti rasmi, hata aliyepotea njia alielekezwa alikokuwa akienda. Kuhusu ile ya kukashifu, ilisema ni maoni, na sheria ya alama za biashara inasimamia biashara. Lakini hapa nataka usikilize vizuri, Shangazi: viungo viwili vidogo vya kibiashara katika tovuti ile ya sifa, kimoja cha kampuni yake na kimoja cha rafiki yake wa kike aliyeuza mashati, vilimpa taabu ya kujieleza, na ilimsaidia kwamba alikuwa amekwisha kuviondoa.

Kwa hiyo ondoa tangazo lolote linaloingiza fedha katika ukurasa huo, hasa la majiko ya kampuni pinzani. Na angalia mlango mwingine: ukosoaji unaweza kukusalimisha katika alama ya biashara na bado ukakufikisha katika kashfa, kama umeandika jambo usiloweza kulithibitisha. Risiti zako zitunze nje ya tovuti. Tena kwa Kenya usajili uko KIPI, taasisi ya miliki ya viwanda, chini ya Sura ya 506 ya sheria za nchi hiyo. Ukipata barua anza kwa kuuliza kama alama yao imesajiliwa huko na kwa daraja gani.

#7 MkiaWaPweza

Naondoa dola elfu kumi zangu, wakuu. Ila naomba kuongeza moja kuhusu matangazo, kwa sababu jina la mhusika linafaa kwa jukwaa hili. Kuna bwana aliyeitwa Uzi, Uzi Nissan, mwenyeji wa North Carolina, ambaye jina la ukoo wake ni Nissan kweli kweli. Alisajili nissan.com mwaka 1994 kwa biashara yake ya kompyuta. Mwishoni mwa 1999 kampuni ya magari ikamshtaki ikidai dola milioni 10, na kesi ikaendelea kwa miaka. Kikoa alibaki nacho. Lakini mahakama ya rufani mwaka 2004 ilikubaliana na kampuni katika jambo moja: yale matangazo ya magari aliyokuwa ameyaweka kwenye tovuti. Jina lilikuwa lake la kuzaliwa na bado matangazo yakamponza.

#8 FundiBobini

Ndugu MkiaWaPweza, huo ndio uzi mrefu kuliko wangu. Na umenikumbusha: tangazo la sindano la rafiki yangu nililiondoa wiki ile ile. Alinielewa, ingawa bado ananidai chai.

Narudi na habari. Siku ya kumi na tisa mawakili wamejibu, mistari saba. Hati ya ahadi hawakuitaja tena, gharama hawakuzitaja. Siku 60 wamezikubali. Malalamiko kwa kampuni inayohifadhi tovuti wameyaondoa, na nayo imenithibitishia kwa maandishi, karatasi ambayo nimeichapa na kuiweka pamoja na vyeti vyangu. Nimesajili kikoa kipya chenye jina la mtaa wangu na neno cherehani, maneno ambayo hayana mwenyewe.

Mstari wao wa mwisho unahusu ukurasa wa bobini. Wanauliza kama nitaweza kuwapelekea ile bandia niliyoipiga picha, na kama nakumbuka niliinunua duka gani. Bobini ninayo, iko kwenye kopo la vifungo juu ya meza yangu. Duka nalikumbuka pia, ila mwenye duka ni mtu mzima niliyesali naye Idi iliyopita, naye aliletewa mzigo huo na msambazaji bila kujua. Wakili, kama uko hewani, nina wajibu wowote wa kulijibu hilo swali la pili?

#9 WakiliMkoani

Huna, Fundi. Wewe si shahidi wa mtu wala hujaitwa na mahakama. Wapelekee bobini ukitaka, uichukue picha ikiwa ndani ya bahasha kabla ya kuifunga, na kuhusu duka waambie tu kwamba swali hilo halimo katika mambo mliyoandikiana. Kisha mpitie mzee, umwonyeshe ule ukingo kwa ukucha.